Rangi Tu, Bila Maoni

Kwa miaka kumi na tisa nilizungumza na Bi Nazaria Cálix mara mbili kwa siku, na sikuwahi kumtia machoni. Mke wangu alikuwa akisema kwamba kama kuna mwanamke wa kumwonea wivu hapa duniani basi ni yule wa mlimani, maana ndiye niliyekuwa namkimbilia kabla hata sijanawa uso. Saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, niwe nanyoa mtu au nakula, niliacha kila kitu nikakaa mbele ya redio ya upepo. Kuna wateja walioondoka kwangu na nusu ya ndevu kwa sababu hiyo, na wengine hawakurudi.

Yeye alikaa El Zapotal, kule juu ambako mto Cuyalá bado ni mwembamba na mtu mwenye miguu mizuri anaweza kuuruka kiangazi. Sisi tuko Bajo Almendro, bondeni, ambako mto huohuo unajitanua na kufanya unavyotaka. Kazi yake ilikuwa kupima mvua kwenye kile kikombe cha plastiki kilichopigiliwa kwenye uzio wake, kisha kushuka kutazama nguzo ya daraja la zamani. Nguzo ile ilipakwa rangi tatu: kijani chini, njano katikati, nyekundu juu. Maji yakigusa rangi fulani, ananiambia mimi, nami nakwenda kugonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mbele ya duka langu, masalia ya zile reli za mashamba ya ndizi. Mapigo matatu ni nyekundu, kila mtu apande shuleni, kwenye kilima.

"Kinyozi, umeamka au nikupigie kelele?" Hivyo ndivyo alivyoanza.

"Nimeamka, mama. Sema."

"Mvua milimita tisa. Mto kijani. Na hicho kichwa chako vipi, kimeota nywele?"

"Nani kakwambia mimi nina upara?"

"Sauti yako. Mtu mwenye nywele haongei kwa majivuno hivyo."

Upara ninao, tena wa kung'aa. Nilimchunguza kila dereva wa lori la kahawa nijue ni nani aliyepeleka habari mlimani, na kila mmoja aliapa kwamba si yeye.

Hakuna aliyempa Nazaria kazi ile. Mwaka uliofuata baada ya kimbunga kikubwa, watu wa mradi walikuja na redio kadhaa, wakasema bonde letu litajilinda lenyewe: wa juu watazame mto, wa chini wasikilize. Pale El Zapotal redio alipewa kwanza mwanamume mmoja wa heshima, akaitundika sebuleni, akaizungushia maua ya plastiki, na akawa anaamka saa mbili. Wakampa wa pili. Huyo betri yake ikawa inakwisha kila Jumamosi kwa kupigia muziki. Siku moja asubuhi nikasikia sauti ya mwanamke, nzito kidogo, inauliza kama kuna mtu huko chini. Alikuwa amekwenda kwa jirani akaichukua redio, na paneli yake ya jua, na nyaya zake, akazibeba kichwani hadi kwake. Alisema yeye saa kumi alfajiri yuko macho anasaga mahindi ya mikate ya tortila, kwa hiyo hakuna haja ya kumsumbua mwanamume yeyote.

Watu wa mradi wakaja juu. Mwenye redio sharti ajue kusoma na kuandika, ndiyo kanuni, na Nazaria hakuwahi kukanyaga darasa. Akawaambia, "Basi nifundisheni namba. Maneno nitayasema kwa mdomo." Wakamfundisha namba mchana mmoja, wakamwachia daftari na penseli tatu za rangi. Tangu hapo kila siku ilikuwa na mstari wake: namba ya mvua, na kando yake nukta ya rangi ya mto.

Hakukosa hata siku moja. Nasema hivi nikijua watu hupenda kuwapamba watu wazuri, lakini daftari langu ninalo na lake analo, na siku zote zimo. Mumewe, Abundio, alipokufa, niliwasha redio saa kumi na mbili asubuhi bila kujua lolote. Akanipa taarifa kama kawaida. "Mvua milimita kumi na nne. Mto kijani. Leo namzika Abundio, kwa hiyo jioni nikichelewa dakika chache usigonge hiyo reli yako ukawatia watu wazimu." Hakuchelewa.

Kitu ambacho watu wa Bajo Almendro hawakukielewa, nami sikukielewa kwa muda mrefu, ni kwa nini. El Zapotal haijawahi kufurika tangu Mungu aiumbe. Nyumba zao ziko juu kama viota. Mto ukifura, wao wanachopoteza ni kivuko tu cha kwendea upande wa pili. Na kazi ile haina malipo, wala bati, wala gunia la mbolea. Mwaka wa sita hivi nikamuuliza.

Akasema, "Kinyozi, asubuhi ile ya kimbunga mimi nilikuwa mlangoni kwangu. Niliuona mto unapita. Ulikuwa mweusi, umebeba miti mizima na mizizi yake. Nikamwambia Abundio, huyo anakwenda kwa watu. Sikuwajua ni watu gani. Baada ya wiki mbili tukasikia kwamba kwenu wamekufa watu arobaini na mmoja, na kwamba maji yaliwafikia saa mbili baada ya kupita kwangu. Saa mbili, kinyozi. Nilimwona muuaji akipita mbele ya mlango wangu na sikuwa na wa kumwambia."

Katika wale arobaini na mmoja alikuwamo dada yangu. Sikumwambia siku ile. Nilimwambia tu asante kwa taarifa, nikazima redio, nikakaa mpaka mteja akaja kunigonga bega.

Sasa nije kwenye ubaya wetu. Mwaka juzi, mwezi wa kumi, mvua ilinyesha siku mbili, na jioni Nazaria akanipa rangi ya njano. Akaongeza, "Rangi ni njano. Lakini mimi ningekuwa nyinyi ningepanda. Mawingu ya nyuma ya mlima siyapendi." Mimi nilikuwa namwamini kuliko nilivyoamini nguzo. Nikagonga mara tatu. Kaya sitini za Mtaa wa Chini zikapanda shuleni na wazee wao mgongoni, zikalala kwenye sakafu ya simenti, na asubuhi mto ulikuwa palepale kwenye njano na jua likawaka. Walioteremka walikuta nyumba zimefagiliwa. Wezi walipita mle kwa raha zao: kuku, redio, majembe, hata mlango mmoja uling'olewa.

Watu walimpa jina. Bi Gharika. Mtu akipita dukani kwangu huuliza, "Bi Gharika anasemaje leo, tujenge safina?" Mwanzo nilimtetea, baadaye nikawa nacheka nao, na hilo silionei fahari hata kidogo.

Kamati ya maafa ilikaa. Mwenyekiti wetu ni Bwana Maclovio Zúniga, mwenye duka la vyakula, mtu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Si mtu mbaya. Yeye ndiye aliyepoteza kuku wengi zaidi, na mama mkwe wake alipata homa ya mapafu kwa ile sakafu. Alisimama akasema, "Serikali imetupa rangi tatu. Mtoto wa chekechea anazijua. Sisi tunafuata mawingu ya bibi mmoja asiyejua kusoma. Kuanzia leo atupe rangi tu, bila maoni. Na wewe kinyozi utagonga kwa rangi tu, bila maoni." Mikono ikanyooshwa. Wangu pia ulinyooka, tena nikapewa niandike azimio kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri.

Asubuhi nikamsomea.

"Rangi tu, bila maoni," akarudia.

"Ndivyo walivyoamua, mama."

"Na wewe?"

"Mimi ni katibu tu."

"Sawa," akasema. "Mvua sifuri. Mto kijani."

Toka siku ile upara wangu ulipumzika. Hakuniuliza habari za nywele tena, wala habari za mke wangu, wala hakunisimulia kuku wake aliyetagia ndani ya kofia. Namba na rangi, halafu anazima. Nilijaribu kumchokoza mara mbili tatu, akanijibu, "Hayo ni maoni, kinyozi." Mwaka mzima ukaenda hivyo. Niliona haya kila asubuhi, na dawa ya haya ile niliijua, ila sikuwa na moyo wa kuinywa.

Ndipo ukaja mwezi wa kumi na moja wa mwaka jana.

Mvua ilianza Jumapili. Jumanne jioni nguzo ikagusa nyekundu, nikagonga, na safari hii hakuna aliyenung'unika, maana rangi ni rangi. Redio na betri yake ya lori nikazihamishia shuleni, darasa la pili, juu ya meza ya mwalimu. Mto ukaingia kwenye mashamba ya chini na kusimama hapo. Alhamisi watu walikuwa wamechoka kabisa. Maharage yalikuwa yamebaki sufuria moja, watoto wanaharisha, na kila baba mwenye nyumba alikuwa dirishani akifikiria wezi. Mvua haikuwa imeacha hata dakika kumi.

Saa nane mchana Nazaria akaita, kwa kuwa tangu mto uguse nyekundu alikuwa akiita kila saa. "Rangi njano."

Saa nane na nusu akaita tena, kabla ya wakati wake. "Rangi kijani."

Darasa zima lilisikia. Watu walikumbatiana. Bwana Maclovio akapiga makofi mara mbili. "Haya, kila mtu na mzigo wake. Wenye wazee watangulie." Kutoka shuleni hadi Mtaa wa Chini, kwa tope lile na wagonjwa wale, ni mwendo wa saa nzima. Magodoro yakaanza kukunjwa.

Mimi nilikuwa bado nimeshika kipaza sauti. Nazaria hakuwa amezima. Nilisikia mvua ikipiga bati lake, kwa nguvu ileile iliyokuwa inapiga bati letu. Kisha akasema, polepole, "Kinyozi. Niulize maoni yangu."

Nilitazama nyuma. Maclovio alikuwa mlangoni anafunga gunia. Nikainama juu ya meza nikasema kwa sauti ya chini, "Una maoni gani, mama?"

"Mvua imepungua kwako?"

"Haijapungua."

"Kwangu pia haijapungua. Mto umeshuka kutoka njano hadi kijani kwa nusu saa. Hebu niambie, maji yako wapi?"

Nikatazama mvua dirishani.

"Mlima umeanguka mahali fulani huko juu yangu," akasema. "Umeziba bonde. Maji yanajaa nyuma ya tope kama kwenye beseni, na tope si ukuta. Maji ya mvua hutembea, kinyozi. Maji yaliyofungiwa yakitoka hukimbia. Hayatakupa saa mbili. Yatakupa nusu saa, labda chini ya hapo. Mtu yeyote asishuke."

"Kanuni inasema kijani."

"Najua inavyosema. Wewe ndiye uliyeniandikia."

Kama amekosea tena, basi amekwisha, na mimi nimekwisha pamoja naye. Hakuna mtu bondeni ambaye angetusikiliza tena, hata siku mto ungekuwa mlangoni kwake. Na kama hakukosea, kaya sitini zilikuwa zinafunga mizigo kwenda kufa. Nilimfikiria dada yangu. Nikatoka nje kwenye mvua, nikachukua nyundo, nikagonga ile reli tuliyokuwa tumekuja nayo. Mara tatu.

Watu waliokuwa wameshafika langoni wakasimama. Maclovio akanijia mbio, tope hadi magotini.

"Umerukwa na akili? Si tumesikia kijani sote?"

"Imebadilika," nikasema. Nilikuwa sijawahi kusema uongo kwa chuma kile.

"Imebadilika kwa dakika tano?"

"Ndiyo."

Alinitazama kwa namna mtu anavyomtazama kinyozi aliyemkata sikio. Akanipita, akaingia darasani, akachukua kipaza sauti mwenyewe. Nikamfuata, na watu kama kumi wakatufuata.

"Bi Nazaria, hapa ni Maclovio, mwenyekiti. Nina watu mia tatu wenye njaa. Sitaki mawingu, sitaki ndoto. Nguzo iko rangi gani sasa hivi?"

Kulikuwa na mvua tu kwenye redio. Nilijua anachokitazama. Alikuwa mlangoni kwake, na nguzo iko chini yake, imesimama katika maji ya kuvukia mbuzi, kijani yake yote iko nje. Miaka kumi na tisa, na mwanamke yule hakuwahi kutupa namba ambayo hakuiona kwa macho yake. Siku moja aliteremka mara mbili kwa sababu ya milimita moja aliyoitilia shaka.

"Nyekundu," akasema.

Maclovio akarudisha kipaza sauti mezani taratibu. "Nyekundu, basi," akasema. Na hapo nampa haki yake: alitoka nje akawafukuza watu warudi ndani kwa sauti ile ya kuitia ng'ombe, mmoja baada ya mwingine, na bwana mmoja aliyekataa akamkamata kwa mkanda wa suruali.

Kilichofuata ni kungoja. Nazaria alikuwa akiita kila robo saa. Nyekundu. Nyekundu. Kila mara sauti ilikuwa imeshuka kidogo kuliko ile iliyotangulia. Dirishani watu walikuwa wanaona kwa macho yao mto ukirudi nyuma kwenye mashamba, unaacha matope yanayong'aa, na walikuwa wananigeukia mimi. Bibi mmoja akasema kwa sauti kwamba kuku wake safari hii wataliwa na wezi walewale, na kwamba Bi Gharika na kinyozi wagawane manyoya. Saa tisa ikapita. Saa kumi ikafika. Nilianza kuomba kitu ambacho naona aibu kukisema, nilikuwa naomba mlima upasuke.

Saa kumi na dakika kumi akaita, na safari hii alikuwa anahema.

"Imepasuka. Imepita. Sijawahi kuona. Kinyozi, wote wako juu?"

"Wote, mama."

"Una hakika? Wahesabu."

"Wote wako juu. Maclovio amewahesabu mara mbili."

"Haya," akasema, kisha nikamsikia anavuta kiti.

Ilichukua dakika ishirini na tatu. Tulianza kwa kusikia, wengine wakadhani ni malori. Halafu yakatokea kwenye kona ya shamba la mitende, na hayakuwa maji, yalikuwa msitu mzima unatembea. Mtaa wa Chini ulikwenda wote. Duka langu lilikwenda, na kiti changu cha chuma alichoninunulia baba. Duka la Maclovio likakunjamana likazama. Watu walilia, walipiga magoti. Watu mia tatu, na hakukosekana hata mmoja. Maclovio alikaa chini kwenye ngazi za shule akaweka kofia usoni.

Barabara ya mlimani ilifunguliwa mwezi wa kumi na mbili, karibu na Krismasi. Kamati ikatutuma mimi na Maclovio tukamshukuru kwa niaba ya wote. Tulibeba gunia la sukari, majogoo wawili, na karatasi yenye mihuri, mwandiko wangu tena, ya kufuta lile azimio. Nilimkuta uani anaanika kahawa. Ni mwanamke mdogo sana kwa umbo, ana kofia ya mwanamume na viatu vya mpira. Alinitazama kuanzia chini hadi juu, akaishia kichwani.

"Nilisema," akasema.

Nilimkumbatia. Sikuwa nimepanga. Alinipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa, akatuingiza ndani, akatupa kahawa na tortila za moto, na mke wa mwanawe, Odilia, akaleta maharage na jibini. Redio ilikuwa juu ya meza peke yake, imefunikwa kitambaa safi. Maclovio akasoma karatasi yake, akaomba msamaha kwa maneno mazuri kuliko nilivyomdhania. Nazaria alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alipomaliza, akachukua daftari kutoka chini ya redio akalifungua mbele yake, ukurasa wa siku ile.

Hakukuwa na maneno, si unajua. Zilikuwa namba, kila 4 yake imetazama upande usio wake, na nukta za rangi. Saa nane, njano. Saa nane na nusu, kijani. Chini yake kijani, kijani, kijani, kijani, hadi saa kumi. Kisha nyekundu moja kubwa iliyotoboa karatasi.

Maclovio akazifuata kwa kidole. Akarudia mara ya pili.

"Hapa ni kijani," akasema.

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Lakini mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza rangi. Ungeniuliza ninachokijua, ningekwambia mlima umeanguka. Uliniuliza rangi, nikakupa ile itakayowabakiza juu." Akalifunga daftari. "Niliwadanganya mara saba siku ile. Nimehesabu."

"Umetuokoa, Bi Nazaria," Maclovio akasema. Sauti yake kubwa ilikuwa imemtoka yote.

"Hayo nayajua, na namshukuru Mungu. Sasa chukueni redio."

Tulidhani anatania. Akaeleza bila hasira, huku anatuongezea kahawa. "Miaka kumi na tisa kinyozi hakuwahi kuniuliza kama nina hakika. Nikisema namba, anaandika. Huo ndio uliokuwa mshahara wangu, na ulikuwa mkubwa. Sasa mtu akisikia nyekundu kutoka kwangu atajiuliza, hii ni ya mto au ni ya Nazaria? Akijiuliza dakika tano tu, na ana mama yake mgongoni, dakika tano ni nyingi."

"Na mimi nilidanganya," nikasema. "Niligonga reli kabla yako."

"Wewe unagonga chuma, mwanangu. Mimi ndiye ninayeuona mto."

Maclovio alimbembeleza saa nzima. Alimwambia hakuna atakayejua, daftari litabaki pale pale, sisi wawili tutanyamaza hadi kaburini. Hilo ndilo lililomkasirisha, kwa mara ya kwanza nikamwona amekunja uso. Akasema basi huo utakuwa uongo wa nane. Mwishowe akamwita Odilia, akamketisha kwenye kiti kile karibu na meza, akamwekea penseli tatu mkononi. "Huyu hajawahi kuwadanganya," akatuambia. "Anajua kusoma vilevile." Odilia alikuwa analia, hakuna aliyemwambia anyamaze.

Tukateremka. Nilimwonea Maclovio huruma, na nilijionea mwenyewe zaidi, kwa sababu sisi ndio tuliomnyang'anya maneno, na alipobakiwa na rangi peke yake ilimbidi azitumie zile zile.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa mbele ya redio, katika kibanda cha bati walichonijengea kilimani. Sauti ikaja nyembamba, ya kijana, iliyonyooka. "Mvua milimita tatu. Mto kijani." Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwangu. Na mimi, kabla sijajizuia, nikamuuliza kama ana hakika.